Huruma ya Mwamuzi

Mwamuzi anayependelea timu moja haniumizi kichwa. Huyo ni mwizi, na wizi hauhitaji falsafa. Anayenifikirisha ni mwamuzi mwema: anaijua sheria, hajahongwa, hana timu, na bado sheria inapinda mkononi mwake bila yeye kuhisi.

Besiboli ya Marekani humwanika mtu huyu kuliko mchezo wowote ninaoujua. Mwamuzi mkuu huinama nyuma ya mdakaji. Mpira unaporushwa ana kama nusu sekunde tu, kisha atamke iwapo umepita ndani ya kisanduku kisichoonekana kwa macho. Upana wa kisanduku hicho ni ule wa kibao cha nyumbani, takriban sentimita 43. Kimo chake huanzia chini ya goti la mpigaji hadi katikati ya bega na kiuno. (Mpigaji mfupi, basi, ana kisanduku kifupi. Sheria ni moja, vimo ni vingi.) Mpira ukipita ndani ni straiki, na straiki tatu humtoa mpigaji. Akiachia minne ya nje, anakwenda beisi ya kwanza bure.

Tangu kamera zianze kupima kila mpira, watafiti wamegundua jambo. Mpigaji akiwa tayari na straiki mbili, bila mpira wa nje hata mmoja, kisanduku cha mwamuzi husinyaa. Mrushaji akirusha nje mara tatu mfululizo, kinapanuka. Aliyebanwa hufunguliwa mlango kidogo, awe yeyote. Rushwa haipo hapo. Ni huruma, au pengine woga wa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayekata shauri.

Mwenye duka akimzidishia maskini kibaba tunamsifu, kwa kuwa unga ni wake. Mwamuzi hana unga. Straiki anayomsamehe mpigaji ameichota kwa mrushaji, tena bila kumwomba. Na fidia ni mbaya zaidi: amekosea, anajua amekosea, uwanja mzima unamzomea, kisha unakuja mpira wenye utata na mkono unawashwa kulipa. Kosa la kwanza lilikuwa la macho. Hili la pili ni la kukusudia, hata likiitwa haki.

Ndiyo maana sauti yake lazima iwe thabiti hata pale moyo unaposita. Uthabiti huo si ushahidi kwamba ameona sawasawa. Ni tangazo kwamba hapa hapana mnada. Anayetamka kwa kuvutavuta maneno hukaribisha madalali.

Lakini je, akiwa thabiti na amekosea? Tarehe 2 Juni 2010, jijini Detroit, mrushaji wa timu ya jiji hilo, Armando Galarraga, alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland bila hata mmoja kufika beisi. Alibaki mmoja tu ili aingie kwenye orodha fupi sana ya waliowahi kumaliza mchezo kamili. Huyo wa 27 akapiga, mpira ukadakwa na kurushwa kwa Galarraga, naye akakanyaga beisi ya kwanza kabla ya mpigaji huyo kuifikia, yaani alikuwa amemtoa. Mwamuzi Jim Joyce akatandaza mikono: salama. Hakusita hata kidogo, na hakuwa sahihi. Wakati ule picha za marudio hazikuruhusiwa kwa uamuzi wa aina hiyo. Ziliruhusiwa mwaka 2014. Joyce alipoziona baada ya mchezo, alikiri bila kujitetea na kumwomba Galarraga radhi huku akilia. Uthabiti uleule uliotamka kosa ndio uliolikiri. Kamishna wa ligi hakuubatilisha uamuzi.

Kesho yake Joyce alipewa nafasi ya kupumzika, akaikataa. Zamu yake ilikuwa nyuma ya kibao cha nyumbani, timu zilezile, mchana kutwa wa straiki na mipira ya nje. Detroit walimdai, na uwanja mzima ulijua. Lakini kila straiki ambayo angemzawadia mrushaji wao ingetoka kwa wapigaji wa Cleveland, na wao hawakuwa na deni na mtu.