Nani Amjuaye Mtu?

Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ameniomba niwe mmoja wa wadhamini wake wawili katika maombi ya uraia wa Uingereza. Mdhamini hutakiwa awe amemfahamu mwombaji kwa miaka mitatu au zaidi.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimtolea mwenzake ushahidi wa wema mbele ya Sayyidna Umar. Umar akamhoji: wewe ni jirani yake, unayejua kutoka na kuingia kwake? Mmeshawahi kupeana fedha? Umesafiri naye? Yote akakana. Umar akamwambia kuwa basi hamjui.

Mimi huyu namjua. Nilipolazwa hospitali, funguo za nyumba yangu alibaki nazo yeye, na wanangu walikwenda shule wamekula, nywele zimesukwa. Aliponikopa pesa za sare ya mwanawe, alizileta siku ileile ya mshahara, ametoka kazini moja kwa moja, glavu za usafi bado mfukoni.

Sheria ya Uraia ya 1981 inadai tabia njema, lakini haielezi tabia njema ni ipi. Maelezo yamo katika miongozo ya serikali, na sharti hilo linamhusu hata mtoto wa miaka 10. Hukumu za mahakama huangaliwa, kodi huangaliwa, udanganyifu pia. Hapo sina ugomvi. Hayo ni matendo, na matendo yana ushahidi.

Ugomvi wangu ni na mwongozo ulioanza kutumika tarehe 10 Februari 2025: aliyeingia nchini bila kibali kwa kawaida atanyimwa uraia, hata iwe imepita miaka mingapi. Jirani yangu aliingia amejificha ndani ya lori. Serikali ilimpa hadhi ya ukimbizi, yaani ilikubali kwamba alikuwa hatarini. Vipi tena njia aliyookolea roho yake iwe doa la tabia? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Ibara ya 31, unakataza kuwaadhibu kwa kuingia bila kibali wakimbizi waliotoka moja kwa moja hatarini na kujitokeza bila kuchelewa. Ibara ya 34 inazitaka nchi ziwarahisishie kupata uraia.

Kwetu Waislamu hata dhambi ya kweli ina mlango wa toba. Na kukimbia dhuluma si dhambi: Suratun Nisaa inawalaumu walioweza kuhama wakabaki. Yeye ni Mkatoliki, na Injili ya Mathayo inamweleza kwamba Yusufu alimchukua mtoto na mama yake usiku, akakimbilia Misri. Imani zetu mbili hazimhukumu mkimbizi kwa njia aliyopitia.

Nimetia saini. Nawe mwenye pasi ya Uingereza, jirani akikuomba udhamini, jiulize maswali ya Umar. Ukiwa unamjua kweli, usimkwepe. Kisha mwandikie mbunge wako, umwambie kwamba tabia ya mtu ipimwe kwa alivyoishi na watu tangu alipofika.