Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Nyumba ya Kwihara



Mwaka juzi wakati wa likizo tuliwapeleka vijana wa madrasa Tabora. Tulitoka Bariadi alfajiri, tukapita Maswa, Shinyanga, Nzega, tukafika hoi. Kesho yake tukaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuliona tembe la Livingstone. Nyumba ya udongo, kuta nene, paa la bapa, ua katikati, na mlango wa mbao wa kuchongwa kama ya pwani. Mwaka 1872 Livingstone na Stanley walifikia hapo. Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Leo ni makumbusho.

Ila ni la Livingstone kwa jina tu, yeye alikuwa mgeni. Wenyeji walikuwa Waarabu wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na kuta zile hazikuwa za kuzuia joto peke yake: mwaka 1871 walikuwa vitani na Mtemi Mirambo.

Binti mmoja akaniuliza, "Ustadhi, wenye nyumba walikuwa Waislamu?" Nikasema ndiyo. "Na watumwa walikuwa nao?" Hapo nikawaambia twendeni, gari linasubiri.

Gari lilikuwa halisubiri. Dereva alikuwa anakula.

Wapo wanaosema nyumba kama hizi ziachwe zianguke, zina aibu. Kuanguka si kazi: Beit al-Ajaib ya Unguja, ya Sultani Barghash, ya mwaka 1883, ilibomoka sehemu Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Udongo wa Kwihara ukikosa matengenezo, masika machache tu yanatosha. Wengine wanasema itunzwe, lakini tusimulie nakshi za mlango, basi. Mimi siku ile nilikuwa kundi hilo la pili, na naona makundi yote mawili tunakimbia kitu kimoja. Nyumba ile isingekuwepo, yule binti asingeuliza.

Katika Suratul Hajj Mwenyezi Mungu anataja visima vilivyoachwa na makasri marefu, kisha anasema kinachopofuka si macho, ni mioyo. Na katika An-Nisaa tumeamrishwa kutoa ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Sijaona palipoandikwa isipokuwa wafanyabiashara wa zamani kwa sababu walikuwa wanaswali.

Tena fikirieni Ramadhani yenyewe. Anayeharibu saumu mchana kwa kumwingilia mkewe, kafara ya kwanza kutajwa ni kuacha huru mtumwa, kabla hata ya zile siku 60. Katika mafungu manane ya zaka, moja ni la kukomboa watumwa. Dini ilimfungulia mtu milango mingi ya kumwachia mwenzake. Bwana wa tembe lile, nadhani, alifunga humo humo, akafuturu, na wa kumletea maji alikuwa mtu wa kununuliwa.

Halafu nikajitazama mimi. Binti wa kazi anayetupikia futari majumbani kwetu, analala saa ngapi? Anaamka saa ngapi kwa ajili ya daku yetu? Mshahara wake wa mwezi uliopita tumempa?

Leo baada ya Tarawehe nakaa na vijana wa madrasa, nimjibu yule binti. Wazazi, tafadhali waacheni wabaki nusu saa.

Wabillahi tawfiq.