Je, Jicho Lina Hatia?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Msemo huu hutumiwa kwa njia mbili zinazopingana. Anayekutwa akitazama asichopaswa hujitetea kwao: jicho limeumbwa wazi, likiona limeona, nani wa kulilaumu? Naye anayeonya huutumia huo huo: kwa kuwa jicho halina pazia, mwenyewe ndiye apaswaye kulichunga. Kati ya utetezi na onyo limekaa swali ambalo mafakihi na washairi wa pwani wamelizungukia tangu zamani: je, kutazama ni tendo? Na ikiwa ni tendo, dhima yake humwangukia nani, mtazamaji au yule aliyeiwasha taa?

Swali hilo liliulizwa kwa ukali usio wa kawaida na sinema moja ya Kanada, Videodrome, iliyotungwa na kuongozwa na David Cronenberg na kutolewa mwaka 1983. Ilipotoka haikurudisha gharama zake, lakini wapenzi wachache waliishika, wakapeana kanda yake mkono kwa mkono, na leo, baada ya miaka zaidi ya 40, bado inatazamwa na kujadiliwa.

Mhusika wake mkuu, Max Renn, anaendesha kituo kidogo cha televisheni mjini Toronto. Bidhaa yake ni uchi na ukatili, na hoja yake ni kwamba heri watu wayamalizie matamanio yao kwenye kioo kuliko barabarani. Siku moja fundi wake anamwonyesha matangazo anayodai kuyanasa kwa siri: chumba cha ukuta wa udongo, watu wanateswa hata kufa, bila hadithi na bila sababu. Max anaambiwa kwamba yanatoka Malaysia. Baadaye inabainika kwamba ni Pittsburgh, Marekani. Uovu uliodhaniwa kuwa wa nchi za mbali ulikuwa wa jirani. Baadaye tena anaelezwa kwamba vifo vile si maigizo. Lakini amekwisha kutazama, na mawimbi yaliyofichwa ndani ya picha yamekwisha kumwotesha uvimbe ubongoni. Tumbo lake linapasuka upenyo mrefu, na watu wanamtia kanda humo kama wanavyoitia katika mtambo. Bastola inaungana na nyama ya mkono wake. Tangu hapo anaua aliyeamriwa kumuua.

Nyuma ya njama hiyo yupo Barry Convex, mkuu mmoja wa kampuni ya miwani, anayejigamba kwamba kampuni yake hutengeneza miwani ya bei nafuu kwa ajili ya nchi maskini na vifaa vya kuongozea makombora ya NATO. Msomaji wa nchi hizo maskini hawezi kuyapita maneno hayo bila kusita: mkono unaosaidia jicho kuona ndio unaosaidia kombora kulenga. Fundi wa Max ni mtu wao. Hapakuwa na matangazo yoyote yaliyonaswa angani. Zilikuwa kanda, na ziliwekwa kama chambo. Hoja yao ni kwamba anayependa kutazama uchafu wa namna ile amejihukumu mwenyewe, basi na afe kwa hicho hicho anachokitazama.

Hapa ndipo sinema hiyo inapoacha kuwa kitisho cha nyama na damu tu, ikawa mjadala wa maadili. Inaweka mbele ya mtazamaji waongo wawili. Wa kwanza ni Max mwenyewe, anayesema picha ni picha tu, haimdhuru mtu. Wa pili ni Convex, anayesema mtazamaji amestahili lolote litakalompata. Uwongo wa kwanza unajulikana na kila mzazi. Wa pili ni wa hatari zaidi, kwa sababu huvaa kanzu ya uadilifu.

Ili kuupima uwongo huo wa pili inafaa kuondoka Toronto na kwenda Ilagala, kusini mwa Ujiji, karibu na pale Mto Malagarasi unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Katika ufukwe huo mtego wa nuru si tamathali ya usemi, ni riziki. Usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na katika miaka ya karibuni nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Viumbe vidogo vya majini huikusanyikia nuru, dagaa huja, kisha wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikipevuka uvuvi huo hupungua hata kusimama, kwa kuwa nuru iliyoenea kotekote haimvuti yeyote mahali pamoja. Linaloangamiza si nuru, bali nuru ya peke yake katikati ya giza, iliyowashwa na mwenye wavu.

Mvuvi wa dagaa hana haja ya kusema kwamba samaki wake amestahili. Huvua kwa sababu ana watoto wa kulisha, na jambo hilo halihitaji kupambwa kwa maadili. Convex amemzidi mvuvi kwa uovu, maana ameweka taa, ametega wavu, kisha akamsomea dagaa hukumu. Kila mara muuzaji wa picha chafu anaposema kwamba watu ndio wanaozitaka, hukumu hiyo hiyo husomwa tena.

Lakini binadamu si dagaa, na hapo ndipo utetezi wa mtazamaji unapofikia mpaka wake. Plato, katika kitabu cha nne cha Jamhuri, anasimulia habari za Leontius aliyepita karibu na maiti za watu walionyongwa. Alitamani kutazama na papo hapo akachukia tamaa yake. Alipambana nayo, akajifunika uso, hatimaye akashindwa, akakimbilia maiti zile huku akiyalaani macho yake mwenyewe. Dagaa hawezi kujilaani. Nao wanazuoni wa Kiislamu wameshikilia hadithi mashuhuri ambamo Mtume alimfunza Sayyidna Ali kwamba mtazamo wa kwanza amesamehewa, wa pili si haki yake. Mgriki yule na hadithi hii wanakutana mahali pamoja: hatia haikai katika jicho lililofumka, bali katika shingo inayogeuka mara ya pili.

Ni nani basi anayemsaidia mtu asigeuze shingo? Zanzibar ilianza kurusha televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Sehemu nyingi za Bara zikaifahamu picha kwanza katika vibanda vya video: kiingilio kidogo, mabenchi ya mbao, jenereta likinguruma nje. Katika ulimwengu huo wa kanda alizuka mtafsiri wa sinema, na aliyevuma kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Sauti yake ilifunika sauti za filamu za kigeni, akifafanua, akiongeza na kutania. Mtafsiri wa vitabu atasema alivunja amana ya maandishi, na atakuwa na haki. Hata hivyo, kwa upande wa maadili, sauti ile ilikuwa aina ya pazia. Kati ya picha na mwili wa mtazamaji alikaa mtu, akizungumza lugha ya nyumbani, akikumbusha kwamba haya ni masimulizi na kwamba watazamaji ni wengi.

Si kwamba kundi humtakasa mtu. Kundi nalo laweza kuchekelea mateso, na kibanda cha video hakikuwa madrasa. Tofauti ni kwamba penye kundi panaweza kutokea anayekemea. Max Renn alitazama na wachache, kisha peke yake, na kila aliyekuwa karibu naye alikuwa na sababu ya kumtaka aendelee.

Kibanda hicho sasa kimehamia kiganjani. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota mafuta, nalo likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Picha za watu waliokuwa wakiungua zilienea katika simu upesi kuliko majina yao. Aliyefungua simu yake bila kujua kilichomo aliona, na kuona huko kumesamehewa. Aliyerudia kutazama ameingia katika hesabu ya pili. Lakini simu imeongeza hesabu ya tatu ambayo Leontius hakuijua: kuituma. Ziwani dagaa hageuki kuwa mvuvi. Kwenye simu hugeuka kwa mguso mmoja wa kidole. Aliyevutwa na taa sasa ameishika yeye, na mwisho wa mwanga wake huenda yupo mama ambaye bado hajapewa habari ya mwanawe. Ndiyo maana ya bastola iliyoungana na mkono wa Max. Picha iliingia kwa jicho, ikatokea kwa mkono, na yeye akaendelea kujiona mtazamaji.

Basi wahenga walikuwa na haki: macho hayana pazia, wala hayatapata. Lakini watu wa mwambao, wa bahari na wa ziwa, wanajua jambo linalofanywa kwanza pindi maiti anapolala njiani. Anatokea mtu, aghalabu mwanamke, anavua khanga yake na kumfunika. Naye ametazama, tena kwa karibu kuliko wote, kwa kuwa hamna namna ya kufunika bila kuona. Hakuna fakihi wala mwanafalsafa atakayemwandikia hatia.