Maji Tuliyoyalipia ni Yetu?

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume wetu. Ama baad.

Juzi katika darsa yetu ya baada ya Alasiri bwana mmoja alituuliza suali. Alisema: "Sheikh, mimi nalipa hesabu ya maji kila mwezi wala sidaiwi hata senti moja. Siku ya zamu ya mtaa wetu nafungua pampu yangu, ivute maji katika bomba la njiani mpaka matangi yangu matatu yajae. Majirani wanung'unika kwamba mifereji yao yatoa upepo. Je, nina dhambi gani, na hali maji ni yangu, nimeyalipia?"

Twaliandika jawabu lake hapa kwa kuwa twajua hayuko peke yake.

Kwanza na tujue tulicholipia ni kitu gani. Kisiwa chetu cha Mombasa hakina mto. Maji yake yatoka mbali: Mzima huko Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, Marere katika vilima vya Shimba, visima vya Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Maji ya Mzima ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe, ikapita chini kwa chini mpaka ikatoka chemchemi. Ni nani katika sisi aliyeiteremsha mvua hiyo? Tunacholipia ni bomba, na mashine, na ujira wa wanaozitumikia. Na mvua ilipozuiliwa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, mali ya matajiri wote haikuteremsha hata tone moja.

Hatusemi kwamba maji hayamilikiwi. Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema wazi kwamba aliyeteka maji akayatia chomboni mwake ameyamiliki, na ana ruhusa ya kuyauza. Kwa hivyo hatumlaumu hamali mwenye mkokoteni auzaye mtungi kwa bei ya haki, maana yeye auza jasho lake. Lakini Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, na malisho, na moto; na amekataza mtu kuwanyima wenziwe maji yaliyozidi haja yake. Na maji yaliyomo ndani ya bomba la njiani bado hayajaingia katika chombo cha mtu. Ni ya mtaa mzima, kila nyumba na fungu lake. Kulipa hesabu kwampa mtu fungu lake tu, kama vile kulipa nauli kwampa abiria kiti kimoja, hakumpi ruhusa ya kulala juu ya viti vya wenziwe.

Wala zamu ya maji si jambo lililozuliwa na maofisa wa leo. Qur'ani yatusimulia habari za kaumu ya Thamud, ambao Mwenyezi Mungu aliwawekea zamu: siku ya kunywa ngamia wa Nabii Salih na siku yao wao. Hawakuridhika na siku yao, wakamchinja ngamia. Mwisho wao kila mtoto wa chuoni aujua.

Na liko jambo jingine, nalo kwetu ndilo zito zaidi. Katika vitabu vyetu vya fikihi imeandikwa kwamba mtu mwenye maji ya kutosha udhu, naye ana mtu mwenye kiu au hata mnyama wake mwenye kiu, haruhusiwi kuyatawadhia maji yale. Atayamamu kwa mchanga, na maji ampe mwenye kiu. Tazameni, ndugu zetu! Udhu ni haki ya Mwenyezi Mungu, na Swala ni nguzo ya dini. Hata hivyo Mola ameiacha haki yake ya maji kwa ajili ya koo la mbuzi. Basi sisi ni kina nani hata tusiache tangi la tatu kwa ajili ya mtoto wa jirani anyweshwaye maji ya kisima cha chumvi?

Wala tusimnyoshee kidole bwana huyu peke yake. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Sisi twaufungua mfereji wa msikiti, tukazungumza na jamaa huku maji yaenda zake. Na mwenye wasiwasi huosha mkono mara kumi akidhani huo ndio ucha Mungu. Huo ni israfu, na nje ya mlango wa msikiti wamesimama wanawake na mitungi mitupu.

Wako watakaosema: makosa ni ya wakubwa, mabomba yavuja, na majumba ya wenye vyeo hayakosi maji. Huenda ikawa ni kweli, na haki hiyo yapasa idaiwe kwa sauti. Lakini dhulma ya mkubwa haihalalishi dhulma ya mdogo. Jirani yako hakukukosea kitu.

Mafakihi wameandika kwamba kabla watu hawajatoka kwenda kuswali Swala ya kuomba mvua, waamrishwe kutubia na kuwarudishia wenyewe kila walichodhulumiwa. Vipi tutainua mikono mbinguni, na pampu zavuta haki za wenzetu chini ya ukuta?

Basi jawabu letu kwa bwana yule ni hili: maji uliyoyapata kwa fungu lako ni yako, na yaliyozidi kwa pampu si yako. Ing'oe. Na matangi ambayo yamekwisha kujaa, toa mfereji mmoja nje ya ukuta, majirani wateke. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake, akakifanya cha Waislamu wote. Wewe hukutakiwa kununua kisima. Watakiwa kufunga pampu.

Wallahu aalam.