HESABU ISOMWE MBELE YA WATU

Somo: Kutoka 38:21–31, 1 Samweli 12:1–5



Wengi wetu tukifika Kutoka sura ya 38 tunairuka, kwa maana ni hesabu tupu. Leo tusimame hapo. Musa aliamuru mali yote ya hema ihesabiwe, na Ithamari mwana wa Haruni akaisimamia kazi hiyo. Wanaume 603,550 walitoa kila mmoja nusu shekeli. Zikapatikana talanta 100 za fedha na shekeli 1,775. Tena Maandiko yanatuambia zilikwenda wapi: talanta 100 zilifanya vitako 100, na zilizobaki zilifanya kulabu za nguzo. Hata kulabu zimeandikwa! Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, hakuwaambia watu wamwamini tu.

Sasa tutazame kwetu Kongo. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Gécamines, kampuni ya serikali, ilivyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Hazina ya nchi iliitegemea sana shaba hiyo. Lakini mtawala anayelishwa na mgodi hamwogopi mkulima, maana hasubiri kitu kutoka mkononi mwake. Mobutu alitawala tangu 1965 hadi 1997. Kule Gbadolite alijenga majumba ya fahari na uwanja wa ndege wa kutosha kupokea Concorde, huku walimu wakikaa miezi bila mshahara na barabara zikimezwa na msitu. Mitambo haikutunzwa. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufika 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Utajiri ulikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuuliza akajibiwa.

Samweli alipokuwa mzee alijiuliza mwenyewe mbele ya taifa lote: amechukua ng'ombe wa nani? Amepokea rushwa mkononi mwa nani? Nao wakamshuhudia kuwa hakuchukua kitu. Huyo ndiye kiongozi.

Ndugu zetu, sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 inagawa ada inayolipwa kwa madini yanayouzwa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au usultani ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria ni njema, lakini haijisomi yenyewe. Siku Bwana atakapoturudisha, je, tutajua kuuliza ile 15 ilijenga shule gani?

Tusipojifunza hapa, hatutajua huko. Unga, mafuta na mabati tunayopewa makazini vinatoka mbali. Kwa kuwa hatukuvichangia, tumezoea kupokea na kunyamaza. Na sisi wazee wa kanisa tunakiri: hesabu ya sanduku la wagonjwa haikusomwa tangu Pasaka. Hakuna aliyeiba, lakini hakuna aliyeuliza, nasi tukaona raha. Ndipo mama mmoja mjane akatufuata baada ya ibada: "Baba mchungaji, ile mia mbili yangu ilimfikia mgonjwa?" Tulikosa jibu. Swali lake lilituchoma kuliko mahubiri mengi.

Kwa hiyo, kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, sanduku litahesabiwa na mashemasi pamoja na mama wawili na vijana wawili, na hesabu itasomwa kabla ya baraka. Hata Paulo, katika 2 Wakorintho 8, hakukubali kubeba changizo peke yake, asije akalaumiwa. Mtu akiuliza, asiitwe mwasi. Anatusaidia kusimama kama Samweli.

Tuwaombee viongozi wa nchi yetu na wa nchi hii iliyotupokea. Tena tujiombee sisi: tulioshindwa na sanduku dogo tutawalaumuje wenye hazina kubwa?

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.