Shahidi wa Ndoa Aliye Upande wa Pili wa Simu

Tuseme bwana harusi yuko Muscat, bibi harusi yuko Unguja, na simu imeegemezwa kwenye mto mbele ya shehe. Shehe anatamka maneno ya kuozesha. Picha inaganda. Sauti inakwaruza kidogo, kisha linasikika neno "...kubali", na ukumbi mzima unaitikia kwa furaha. Mashahidi wawili wanatazamana. Wamesikia nini hasa?

Swali hilo ni la dini, ila jibu lake linaanzia ndani ya simu. Sauti ya bwana harusi haisafiri kama mkondo mmoja wa maji. Inakatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, vinabanwa kwa mfumo kama Opus, uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, na kila kipande kinashika njia yake. Kikipotea, mara nyingi hakitumwi tena, maana mazungumzo hayasubiri. Simu inayopokea hulijaza pengo kwa kukisia: inairefusha sauti iliyotangulia ili sikio lisigutuke. Vikipotea vipande kumi mfululizo, imeondoka moja ya tano ya sekunde, yaani kiasi cha silabi moja. Na kwa Kiswahili, silabi moja tu ndiyo inayotenganisha "nakubali" na "sikubali".

Hakuna udanganyifu katika ufundi huo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio, la sivyo watu huanza kukatizana maneno. Kwa hiyo mafundi walichagua: afadhali sauti ifike pungufu kwa wakati kuliko ifike kamili imechelewa. Uamuzi huo umo ndani ya WebRTC, mfumo wa simu za intaneti ambao Google iliutoa bure mwaka 2011, baada ya kuinunua kampuni ya Global IP Solutions, na ambao ulipitishwa kuwa kiwango rasmi Januari 2021. Leo kijana anayetengeneza programu ya benki, ya shule au ya msikiti anaweza kuitia simu ya video ndani yake kwa kazi ya siku chache, bila kuwa mtaalamu wa sauti. Uamuzi wa wale mafundi unaingia nao.

Kwa salamu na kwa kumpa pole mfiwa, walichagua vizuri. Kwa ushahidi, mambo ni mengine.

Mwaka 1990, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilikutana Jeddah na kukubali mikataba ya biashara ifungwe kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano. Ndoa ikatolewa humo, kwa sababu inahitaji mashahidi. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia nayo iliwahi kushauri simu isitegemewe katika kufunga ndoa, ikitaja jinsi watu walivyokuwa hodari wa kuigiza sauti za wenzao. Fatwa hiyo ilitangulia kabisa programu za leo zinazoiga sauti ya mtu. Wapo wanazuoni waliolegeza, mradi pawe na yakini kwamba msemaji ni yeye. Lakini yakini ndiyo hasa inayopungua.

Wakristo wamekutana na swali hilohilo kwa mlango mwingine. Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kuwa inasimuliwa kwamba, akiwa mgonjwa kitandani, aliiona na kuisikia Misa iliyokuwa ikiadhimishwa mbali naye. Hata hivyo, mwaka 2002 Vatikani iliandika wazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Kuona ni neema, lakini mkate haupiti kwenye kioo.

Na umbali si jambo geni kwa ndoa. Vitabu vya Sira vinasimulia kwamba Bibi Umm Habiba alikuwa Uhabeshi alipoposwa na Mtume (S.A.W.), aliyekuwa Madina. Ujumbe ulivuka Bahari ya Shamu, Bibi akamteua Khalid bin Said awe wakala wake, na Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akatoa mahari, dinari 400 kwa simulizi mashuhuri. Hapakuwa na sauti yoyote iliyovuka bahari. Palikuwa na mtu aliyeaminiwa, ameketi kikaoni, na waliokuwepo wakamsikia kwa masikio yao.

Njia hiyo ingali wazi, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo salama zaidi. Familia yenye bwana harusi ughaibuni na imteue wakala mapema, kwa maandishi na mbele ya watu, kisha wakala huyo akae mbele ya shehe atamke kukubali kwa niaba yake. Simu iwashwe vilevile, iegemezwe palepale kwenye mto, ili mama aliyeko Muscat aione harusi ya mwanawe.