Mtunzi Asiyejulikana

Je, wimbo uliotungwa ili kumsifu Mungu unahitaji jina la aliyeutunga? Wako waamini wengi, tena wema, wanaojibu kwamba hauhitaji. Utukufu ni wa Mungu, wanasema, na jina la mwanadamu likibandikwa juu ya sifa hupunguza kitu. Sisi tuliopewa kazi ya kupanga nyimbo za kwaya zilizojaa ovyo katika kompyuta ya usharika tumelazimika kulijibu swali hili kwa kila faili, kwa kuwa programu ya kupangia muziki huuliza mtunzi ni nani, kisha hutuwekea nafasi tupu na kusubiri.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, tueleze kidogo. Faili la MP3 halibebi sauti peke yake. Hubeba pia lebo yenye jina la wimbo, mwimbaji, albamu na mwaka. Lebo ya kwanza ya namna hiyo, iitwayo ID3, ilibuniwa na Eric Kemp mwaka 1996, nayo ilikuwa na baiti 128 tu zilizobandikwa mwishoni mwa faili. Jina la mwimbaji lilipewa herufi 30, na nafasi kati ya maneno zilihesabiwa humo humo. Ukiandika “Kwaya ya Uinjilisti Usharika wa” na kutaka kuendelea, lebo hukatika kwenye ile herufi w. Jina la usharika wenyewe halifikiwi, na kwaya za uinjilisti za nchi nzima hugeuka kuwa kwaya moja. Mtunzi hakupewa nafasi yoyote. Yeye alikumbukwa katika toleo la pili la lebo, mwaka 1998.

Kwa nyimbo za diski za dukani pengine hilo halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu jina lilichapishwa kwenye jalada. Za kwetu zilisafiri kwa njia nyingine. Kaseti za miaka ya 1980 na 1990 zilihamishiwa kwenye CD, CD zikanakiliwa kwenye kompyuta, kompyuta ikamimina kwenye flashi, na flashi ikapita mikono mingi. Katika kila hatua jina fulani lilidondoka. Kile kikaratasi cha ndani ya kaseti, chenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu, kilibaki nyumbani kwa mtu. Nyimbo zilizopitia WhatsApp zina majina kama AUD-20190414-WA0007. Tarehe hiyo ilikuwa Jumapili ya Mitende. Zaidi ya hapo faili halisemi kitu. Nyingine zina anwani ya tovuti mahali pa mwimbaji. Aliyezipandisha mtandaoni kwa dakika mbili amejiandika mahali pa watu waliofanya mazoezi miezi mitatu.

Turudi kwa wale wanaosema jina si kitu. Hoja yao ina uzito, nasi hatutaki kuipuuza. Bwana alifundisha juu ya sadaka ya sirini, na katika historia ya kanisa wako wengi waliotunga na kuandika bila kujitaja. Zaburi nyingi hazina jina juu yake. Lakini nyingine zinalo. Kumi na mbili zimetajwa kuwa za Asafu, ile ya 50 na zile za 73 hadi 83. Nyingine ni za wana wa Kora, na juu ya ile ya 88 yumo pia Hemani. Katika 1 Mambo ya Nyakati 25 waimbaji wa hekalu wamehesabiwa kuwa 288, na zamu zao zimeorodheshwa moja baada ya nyingine, jina kwa jina, hadi msomaji wa ibada hupata shida kuyatamka. Waliohifadhi orodha ile hawakuona kwamba kumtaja mwimbaji ni kumnyang’anya Mungu.

Tena, sadaka hutolewa na mwenye mali. Mtunzi akisema, “Jina langu msiliandike,” ametoa, na ni wajibu wetu kumwitikia. Lakini jina lililodondoka kwa sababu mtu alinakili kaseti kwa haraka halikutolewa na yeyote. Limepotea mikononi mwetu. Kuliita tukio hilo unyenyekevu ni kumsifu mtunzi kwa jambo ambalo hakulifanya, na kujisamehe sisi kwa jambo tulilolifanya. Tunaona pia kwamba hoja ya unyenyekevu hutolewa mara nyingi zaidi na wanaoimba nyimbo za wengine kuliko na watunzi.

Mfano mmoja uko vinywani mwa kila Mtanzania. Sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Afrika Kusini. Alifariki mwaka 1905. Wimbo wake ukavuka mipaka, ukaimbwa makanisani na kwenye mikutano ya kudai uhuru, lakini kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana lilipo. Waliolitafuta katika daftari la makaburi la Johannesburg walitazama jina la Sontonga, kumbe mwandishi alikuwa amemwandika chini ya “Enoch”. Ni lebo tu iliyowekwa pasipo pake. Kaburi lilipopatikana, lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996, mwaka uleule wa ID3. Wimbo haukuhitaji kaburi ili uimbwe, hilo tunalikubali. Ila hatujamsikia mtu akisema kwamba ingekuwa afadhali lisipatikane.

Basi jina litafutwe. Hapo ndipo programu inaposaidia, na ndipo inapojaribu watu. Zipo zinazosikiliza wimbo, zikachukua alama zake kama alama za vidole, kisha zikauliza katika hazina kubwa ya kumbukumbu. MusicBrainz ni hazina ya namna hiyo, iliyojazwa na watu wanaojitolea. Kwa diski iliyoenea duniani jibu huja kwa sekunde chache. Kwa kwaya iliyorekodi mara moja, kwenye kaseti mia mbili, kwa kawaida hakuna jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuipeleka huko. Wakati mwingine huja jibu ambalo ni baya kuliko ukimya: programu hulinganisha jina la wimbo, ikaona “Haleluya”, ikapendekeza msanii wa nchi ya mbali. Unabonyeza kitufe kimoja, na mafaili 40 yamepata baba wa kambo.

Katekisimu yetu inatusaidia kutenganisha mambo haya. Kumfuta mtunzi kunakaribia amri ya saba, kuchukua kisicho chetu. Kumbandika asiyehusika kunakaribia amri ya nane, ushuhuda wa uongo. Ajabu ni kwamba watu waangalifu, wakikimbia kosa la kwanza, huangukia la pili, maana nafasi tupu kwenye skrini inawasumbua kama jino lililong’oka. Wanataka orodha iliyojaa. Tumeona orodha nzuri sana, zenye picha za majalada na kila safu imejazwa, ambazo nusu yake ni kubahatisha.

Neno lenyewe “asiyejulikana” linastahili kuulizwa: hajulikani na nani? Kompyuta huliandika kabla haijamwuliza mtu. Tukiwapigia wazee wa kwaya wimbo huohuo, mama mmoja wa sauti ya pili husikiliza kidogo, akataja mwaka, mahali waliporekodia, na nani alikuwa na mafua siku ile. Wazee hao ni hazina iliyo nje ya mtandao, na kila mwaka tunaizika kidogo. Kwa hiyo tumeacha kuanza na programu. Tunaanza na wazee, kisha tunaandika.

Hata wao hawakubaliani sikuzote. Upo wimbo wa Kwaresima ambao waimbaji wa zamani wanasema ulitungwa na mwinjilisti mmoja aliyekwisha kufariki. Kwaya ya usharika jirani inao katika karatasi ya nota yenye jina la mwalimu wao. Vijana wanataka kuurekodi upya na kuuweka YouTube, wanataka jina moja, na wanalitaka wiki hii. Si jambo dogo: sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na wote wawili wana watoto.

Ezra 2 inahesabu waimbaji wa wana wa Asafu waliorudi kutoka uhamishoni kuwa 128. Nehemia 7 inasema 148. Yeyote angeweza kusahihisha mojawapo ili zilingane. Zote mbili zimeachwa zilivyo, na kanisa limezisoma hivyo kwa karne nyingi bila kuanguka.

Nafasi ya mtunzi katika wimbo ule tumeiacha tupu. Lakini utupu una aina zake, na programu huonyesha aina moja tu: yupo ambaye hatujamuuliza mtu habari zake, yupo aliyeomba asitajwe, na yupo ambaye mashahidi wanatofautiana juu yake. Hivyo katika sehemu ya maelezo tumeandika majina yote mawili, nani alisema nini, na tarehe aliyosema. Mafaili ya awali, pamoja na yale yenye anwani za tovuti, tumeyatunza kwenye diski nyingine bila kuyagusa. Vijana tumewaomba wasubiri hadi baada ya Pasaka, kwa kuwa mjane wa mwinjilisti yule yuko kwa binti yake na amesema daftari la mume wake bado analo.